Fomu Isiyo na Safu ya Mdomo

Usiku wa kuamkia leo niliota nimelala chali juu ya ubao wa kupimia samaki, na ubao ukaniambia ninyooshe mkia.

"Sina mkia," nikasema.

"Wote husema hivyo," ubao ukajibu. "Nyoosha ulichonacho."

Nikanyoosha miguu. Ubao huo naufahamu. Nimeutumia miaka kumi na moja katika kituo chetu cha utafiti, kando ya Ziwa Turkana, na sikuwahi kuusikia ukisema neno. Sauti yake ilikuwa ya karani aliyekaribia kustaafu. Ulisoma urefu wangu, sentimita mia moja sitini na tatu, kisha ukataka kujua kama nimeletwa mbichi au nimekaa kwenye barafu.

"Mbichi," nikasema.

Kabla sijaendelea niseme kazi yangu, maana bila hiyo ndoto hii itaonekana ya kipuuzi kuliko ilivyo. Mimi ni Asekon, fundi wa maabara. Kila mwezi wavuvi wa ghuba yetu hutuletea samaki thelathini wa kike aina ya ngege kwenye ndoo. Nawapima urefu, nawapima uzito, nawapasua tumbo, natazama mfuko wa mayai na kuandika uko hatua gani. Hatua ya kwanza ni samaki ambaye hajakomaa, ya tano ni aliyekwisha kutaga. Kwa hesabu hizo serikali ya kaunti inajua kama ghuba ni mazalia ya samaki. Ikiwa ni mazalia, hufungwa miezi minne, nyavu za kukokota zisiingie. Kama si mazalia, kila mtu na wavu wake.

Sasa ngege ana tabia moja ambayo kila aliyekulia ziwani anaijua. Mama akishataga huyaokota mayai kwa mdomo, akayaweka humo hadi vifaranga waanguliwe na kujua kuogelea, na siku zote hizo hali kitu. Akinaswa hushtuka, akawatema. Mfuko wake nao huwa umesinyaa, mdogo kama wa samaki ambaye hajawahi kutaga, na ukiwa na samaki thelathini wa kupasua kabla ya chakula cha mchana huoni tofauti. Kwa hiyo anafika mezani kwangu tumbo tupu, na watoto wake wamebaki kwenye maji ya ndoo. Fomu yetu ina safu ya tumbo. Haina safu ya mdomo, wala ya ndoo. Mimi nilikuwa namwaga yale maji mchangani, napangusa ndoo, halafu naandika kwa mwandiko wangu mzuri ambao kila mtu kituoni anausifu: hatua ya kwanza, hatua ya kwanza, hatua ya kwanza.

Aliyeniambia ni shangazi Nakwawi, dada wa baba yangu. Kwa miaka thelathini alipasua samaki pale ufukweni na kuwaanika juu ya mikeka. Siku moja mwaka jana alisimama kando yangu akachungulia ndoo.

"Asekon, hawa unamwaga ni watoto," akasema.

"Hiyo si kazi yako, shangazi," nikamjibu. Gari lilikuwa linangoja, na Daktari Munyithya, mkuu wetu wa kituo, alikuwa ameshapiga honi mara mbili. Nikamwaga.

Ripoti ikasema ghuba si mazalia, na haikufungwa. Kufikia Desemba nyavu zilikuwa zinatoka na majani matupu. Shangazi akakunja mikeka yake, akaenda Lodwar kufua nguo za watu. Hajanipigia simu tangu hapo, na sina haki ya kumlaumu. Ngege wachache waliobaki bado wanakuja kulea pale. Mwezi uliopita niliona vifaranga wawili watatu ndooni kwa macho yangu. Ghuba ikifungwa sasa huenda ikarudi, na shangazi pia. Lakini nikiandika hivyo itanibidi nieleze niliandika nini mwaka jana. Kwa hiyo ripoti mpya ilikuwa na maneno yale yale ya zamani, iko mezani nyumbani kwangu, ikingoja sahihi yangu kabla ya kikao cha leo saa tatu asubuhi. Nililala nikiitazama.

Basi, niko juu ya ubao, na wembe wa maabara unakuja ukitembea ukingoni mwa meza.

"Samahani, dada," wembe unasema. "Nitaanzia kwenye kitovu."

"Sijakubali."

"Wale thelathini walikubali lini?"

Halafu unaanza. Hauumi. Ni mpole, na unafanya kazi kwa usafi kuliko mimi. Ndani yangu hamna utumbo. Mna fomu zilizokunjwa mara nne, mwandiko ni wangu, zimelowa pembeni. Mizani inazipima, kisha inanipima mimi bila hizo, na inasema sijapungua kitu.

"Rudia," nasema. "Haiwezekani."

"Nimerudia mara mbili," mizani inasema. "Mimi huwa narudia."

Hilo linanichoma, kwa sababu mimi huwa sirudii.

"Hatua ya kwanza," wembe unatangaza. "Hajakomaa."

"Nina miaka arobaini na miwili," nasema. "Nina watoto wawili."

"Wako wapi?"

"Shuleni."

"Shule iko tumboni?"

"Haiko."

"Basi hatuwezi kuwaandika," ubao unasema, na kwa kweli unasikitika. "Tungependa sana. Fomu haina mahali."

Nautajia majina yao, Ewoi na Achuka. Nauambia mmoja anapenda kuchora ngamia na mwingine hulala na viatu. Ubao unasikiliza hadi mwisho, hata unauliza ni ngamia wa nundu ngapi. Halafu unaandika hatua ya kwanza, na mwandiko wake ni mzuri.

Najivuta nishuke mezani, na meza sasa ni benchi.

Ni benchi la kliniki ya akina mama, yenye kuta za kijani chini na nyeupe juu. Ni saa nne asubuhi na bati linalia kwa joto. Kwenye benchi wamekaa ngege wapatao hamsini, wima, kila mmoja na kadi yake ya kliniki chini ya pezi. Mashavu yao yamevimba. Muuguzi amesimama mlangoni anaita namba, na ukutani kuna tangazo limebandikwa kwa gundi: Asiyeitika hayupo.

Hakuna anayeitika. Wataitikaje na midomo imejaa? Muuguzi anaita, anangoja kidogo, anapiga mstari daftarini. Anaita mwingine, anapiga mstari. Si mtu mbaya. Anafanya alivyoelekezwa, na kila akipiga mstari benchi linapungua samaki mmoja, bila kelele, na kadi inabaki imelala pale alipokuwa amekaa.

Ngege aliye karibu nami ananigusa kiwiko kwa pezi. Anaonyesha mdomo wake, kisha wangu. Mwanzoni sielewi. Halafu naelewa, na ninamfungulia. Anawahamishia kwangu watoto wake wote kwa mkupuo mmoja. Ni wadogo kuliko punje za mtama, wana ubaridi, na wana ladha ya magadi ya ziwa letu. Najaribu kuwahesabu kwa ulimi, nafika sitini, nakosea, naacha.

"Asante, dada," anasema. Sasa ana sauti, nyembamba na ya haraka. "Nakuja sasa hivi. Wacha nami niende nikaitike. Usiongee. Usipige miayo. Yule anayekimbiakimbia mbele ya meno mpuuze, anataka kuonwa tu. Ukisikia njaa ujue ni yako, wao wameshiba."

"Namba kumi na saba," muuguzi anaita.

"Nipo," anasema ngege, kwa furaha ambayo nashindwa kuitazama, na anaingia. Mlango unafungwa.

Nangoja. Sijawahi kukabidhiwa kitu cha namna hii. Mashavu yananiuma, na ninaona fahari kidogo, nikiri. Namfikiria shangazi, kwamba angeniona sasa. Napumua kwa pua, polepole, na ninainuka kunyoosha mgongo, na nikiinuka maji yananifika magotini. Niko ghubani.

Ghuba ina lango. Ni lango la fito, limesimama majini kutoka ncha moja ya nchi kavu hadi nyingine, na askari wa kaunti amelishika kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ameinua kufuli kubwa kama kichwa cha mbuzi, limefunguliwa.

"Wewe ndiye wa ripoti?" ananiuliza. "Nifunge au nisifunge? Nimeshikilia hii kitu tangu mwaka jana. Mkono umekufa."

Naitikia kwa kichwa. Nataka kusema funga, funga hata saa hii.

"Kichwa hakitoshi, madam. Mimi natumia karatasi," anasema. "Ingia kikaoni, wakuulize, uwajibu. Nitakuwa hapa tu."

Ananionyesha mlango, na mlango uko kwenye maji, na nyuma yake ni ukumbi mkavu kabisa.

Mwenyekiti wa kamati ni ndoo. Ndiyo ndoo yetu ya bluu, mpini umefungwa kwa waya, imewekwa juu ya kiti cha ngozi, na mbele yake kuna glasi ya maji. Kulia kwake ameketi Daktari Munyithya, vilevile alivyo siku zote, anaandika kumbukumbu. Nyuma, kwenye viti vya wananchi, zimejaa nyavu za kukokota. Zimelowa, zimekaa kwa adabu, na zinatazama saa ya ukutani.

"Asekon," mwenyekiti anasema, "hatutakuchosha. Swali ni moja. Ghuba ina watoto wa samaki, au haina?"

Naelekeza kidole kwenye shavu langu.

"Daktari, hiyo inaandikwaje?"

"Haiandikwi, mwenyekiti. Hiyo ni ishara, na hatuna safu ya ishara."

"Na akinyamaza?"

"Kanuni ya nne," Daktari anasema bila kuinua macho. "Akinyamaza tunaandika haina."

Naomba karatasi kwa mkono. Naletewa fomu. Naigeuza mbele na nyuma, kisha najaribu kuandika pembeni, kwenye nafasi nyeupe. Wino unakataa kukaa. Unateleza na kurudi kwenye safu ya tumbo, na pale unajipanga wenyewe: hatua ya kwanza.

Mlango wa nyuma unafunguliwa. Anaingia shangazi Nakwawi na beseni la chakula cha kamati. Amevaa shanga zake zote za shingoni na aproni ya kufulia, na povu la sabuni bado liko viwikoni. Anaweka beseni chini, ananitazama mara moja tu.

"Huyu ako na watoto kwa mdomo," anasema. "Muwachane naye kwanza."

"Mama, wewe ni mtaalamu?" mwenyekiti anauliza.

"Mimi ni shangazi yake."

"Hiyo si kazi yako, shangazi," ndoo inasema, na inasema kwa sauti yangu. Ukumbi mzima unageuka kunitazama mimi. Nami siwezi kusema kwamba si mimi.

Shangazi anachukua glasi ya mwenyekiti, anajimiminia maji kwenye viganja, anakuja kusimama mbele yangu na kukinga mikono chini ya kidevu changu. Vidole vyake vimechubuka kwa sabuni. Maji hayavuji hata tone.

"Wateme hapa," ananiambia polepole. "Halafu useme. Ni neno moja tu, mama."

Ilikuwa rahisi hivyo. Nataka ijulikane kwamba ilikuwa rahisi. Nilichotakiwa ni kuinama kidogo. Lakini juu ya bega la shangazi nilimwona Daktari, kalamu yake imesimama, na nilijua anachofikiria: kama wapo mwaka huu, mwaka jana walikuwa wapi? Nilijiona nikiulizwa hilo mbele ya watu wote. Niliuona mwandiko wangu ukipitishwa mkono kwa mkono, wakiusoma, na hakuna anayeusifu.

Nikameza.

Sikukusudia. Nilimeza kama mtu anavyomeza mate mbele ya mkubwa wake, mara moja, bila kufikiri. Waliteremka wote pamoja. Hata yule wa mbele ya meno.

Mdomo ukawa mwepesi, na nikaongea vizuri kuliko nilivyowahi kuongea katika kikao chochote. "Haina, mwenyekiti," nikasema. Nikaongeza asilimia. Nikaeleza hatua ya kwanza maana yake nini. Daktari Munyithya akaitikia kwa kichwa, mwenyekiti akanishukuru kwa uwazi wangu, na nyavu zikasimama zote, zikajinyoosha, zikatoka kuelekea ziwani zikipishana mlangoni na kuombana radhi. Nje nilisikia kufuli likidondoka majini, na askari akisema haya, afadhali.

Shangazi alibaki amekinga mikono. Alingoja kuliko nilivyotarajia. Mwishowe akayarudisha yale maji kwenye glasi ya mwenyekiti, akapangusa viganja kwenye aproni, akabeba beseni lake akaondoka. Hakunitukana. Ningemshukuru kama angenitukana.

Ndipo yule ngege akarudi. Kadi yake ilikuwa imepigwa muhuri, na alikuwa ameishika mbele ili niione.

"Wameniandika," akasema. "Maisha yangu yote sijawahi kuandikwa. Hawakukusumbua?"

Nikautazama ule muhuri.

"Najua, ni yule mmoja. Haya, nipe."

Akafungua mdomo wake mbele ya wangu, karibu kabisa. Nami nikafungua wangu, kwa sababu sikujua la kufanya jingine. Akangoja. Akachungulia upande wa kulia, upande wa kushoto, chini ya ulimi.

"Wanaogopa," akasema. "Wamekuzoea wewe sasa. Tuwape muda."

Na anangoja, mdomo wazi, hana haraka, mapezi yanapepea kidogo kidogo kama ya samaki anayejishikilia mahali pamoja. Namtazama machoni na yeye ananitazama. Nataka kumwambia. Nina mdomo mtupu, nina nafasi yote ya kusema, na sisemi, naye anazidi kungoja.

Niliamka saa kumi na mbili na nusu. Upepo wa asubuhi ulikuwa unarusha mchanga kwenye dirisha na watoto walikuwa bado wamelala. Nilijiambia kwamba ni ndoto tu, kwamba mtu akilala na ripoti kichwani ataota nini kingine. Nikanawa uso, nikaketi mezani, nikafungua ukurasa wa mwisho. Sentensi ilikuwa pale: Ghuba haina dalili za kuwa mazalia ya samaki.

Nasema haya kwa aibu. Baada ya ndoto yote hiyo, bado nilichukua kalamu. Nilikuwa nimeshaandika A ya jina langu simu ilipolia. Ilikuwa namba ya shangazi Nakwawi, ambayo sikuwa nimeiona kwa miezi tisa.

"Asekon," akasema. Hakusalimia, na huyu ni mtu anayesalimia hata mbuzi wa jirani.

"Shangazi. Habari ya Lodwar?"

"Lodwar iko. Sikulala vizuri." Nyuma yake nilisikia maji yakimiminwa kwenye karai, alikuwa ameshaanza kufua. Akaacha kumimina, kama mtu anayetafuta namna ya kuuliza bila kuumiza. "Nilikuwa nimekukingia mikono, mama. Nilikinga vizuri kabisa. Kwa nini ulimeza?"

Sikuwa nimemsimulia mtu yeyote. Nilikata ile A, nikaikata na sentensi nzima iliyokuwa juu yake, ndipo nikaanza kumjibu, nikianzia mwaka jana.